Kichwa Kiko Juu

Waliomwita Mama Mikono hawakumvunjia heshima. Kila mwanafunzi wa ukunga aliyepitia chumba chake cha mazoezi alitoka na kumbukumbu ya viganja viwili vipana, vikavu, vyenye joto, vikitua juu ya viganja vyake na kuviongoza taratibu kwenye tumbo la mjamzito mpaka vidole vikutane na kitu kigumu cha mviringo. "Hicho ndicho kichwa," angesema. "Sasa nakuachia. Kitafute mwenyewe." Hakuwa na njia nyingine ya kufundisha kupapasa tumbo, wala hakuwahi kuitafuta. Vitabu vilikuwa na michoro, na michoro ilikuwa na mishale, lakini hajazaliwa mtoto aliyepokelewa na mshale.

Kwa hiyo maradhi yalipoingia mjini, chuo kikafungwa, na Mkuu wa Idara akatangaza kwamba masomo yote yataendelea kwa simu na kompyuta, kila mtu akiwa kwake, Mama Mikono alidhani hakusikia vizuri. Akampigia.

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

"Hata la kupapasa?"

"Hata hilo. Tumia ubunifu tu."

Ubunifu. Mtu asiyejua la kufanya hupenda sana kumwagiza mwenzake ubunifu. Mama Mikono alikata simu akabaki ameshika tama pale mezani, asijue aingilie wapi atokee wapi. Hospitali zilikuwa zinalia. Wakunga walikuwa wanaugua mmoja baada ya mwingine, na darasa lake la mwaka wa mwisho lilikuwa linasubiriwa kwa hamu likazibe mapengo kwenye wodi za wazazi. Atakayefaulu mtihani wa kupapasa angeingia wodini moja kwa moja. Atakayefeli angerudia mwaka. Na aliyewahi kurudia akifeli tena, chuo kingemuaga kabisa.

Katika darasa lile aliyewahi kurudia alikuwa mmoja, msichana ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya. Jina lilimkaa. Kimya alijua vitabu kuliko wote, lakini akiwekwa mbele ya tumbo, na wenzake wamemzunguka, vidole vilimkauka kama si vyake. Siku ya mwisho kabla chuo hakijafungwa alitaja kichwa mahali palipokuwa na matako, na mama mjamzito aliyejitolea kupapaswa akacheka mpaka tumbo lenyewe likatikisika. Mama Mikono akamvuta pembeni. "Jumatatu njoo mapema. Nitakushika mikono mpaka ukiote kichwa usingizini." Jumapili chuo kikafungwa. Ahadi ile ilimkereketa kuliko habari zote za redioni.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, naye soko lilipofungwa alikuwa amehamishia cherehani sebuleni. Ndiye aliyekata shauri. "Wewe unataka tumbo," alisema. "Nitakushonea tumbo." Akachukua mto wa kulalia, akaupasua, akautia vipande vya sponji, akauacha wazi upande mmoja ili mtoto aweze kuingizwa na kugeuzwa. Mtoto mwenyewe alikuwa mpira mdogo wa kuchezea badala ya kichwa, na taulo iliyokunjwa badala ya mgongo na matako. Juu yake shuka. Mama Mikono alilitazama lile tumbo akalionea huruma. Halikuwa na joto, halikuwa na kitovu, halikuwa na mwenyewe. Lakini alilipiga picha akawatumia wanafunzi, akawaambia kila mmoja atengeneze lake.

Darasa la kwanza lilikuwa kichekesho. Mmoja alikosa mpira akatia kitunguu, shuka lote likanuka, mama yake akaja kukidai mbele ya kamera. Mwingine alitia mpira wa miguu, akapata mtoto ambaye hakuna nyonga duniani ingempitisha. Wengine Mama Mikono hakuwaona kabisa, aliona viboksi vyeusi tu, na alipouliza, "Mko pamoja nami?" hakujibu mtu, kisha wote wakajibu kwa mpigo, kisha hakujibu mtu tena. Alikuwa akisema, "Bonyeza hapo, si hapo, hapo," huku mikono yake mwenyewe ikipapasa hewa mbele ya skrini. Mumewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Unamkanda nani?"

"Sijui," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli.

Wiki zilikwenda hivyo. Akawa anafundisha asichokiona, kwa watu wasiomwona, kwenye matumbo yasiyo na mtu. Usingizi ukampaa. Akilala aliwaza mama fulani kwenye kitanda cha wodi, na msichana mwenye cheti chenye sahihi ya Mama Mikono akimpapasa kama anayepapasa sponji.

Mtihani ulipokaribia, Mkuu wa Idara alileta utaratibu, na kwa haki ulikuwa na akili. Mwanafunzi anatoka chumbani. Ndugu yake anamweka mtoto ndani ya mto kwa ulalo anaoutaka, anapiga picha, anamtumia mwalimu, kisha anafunika shuka. Mwanafunzi anaingia, anapapasa, anataja kichwa kiko wapi. Mwalimu analinganisha na picha. Kamera ielekezwe kwenye shuka na mikono, basi. Na marufuku kumgusa mtu yeyote kwa mazoezi, hata ndugu, mpaka maradhi yaishe. Atakayekiuka, mtihani wake unafutwa.

Siku ilipofika waliingia mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakafaulu. Mama Mikono hakujua afurahi au aogope. Darasani nusu yao wangejikwaa. Hapa walizama na vidole vyao kwenye sponji, wakaubana mpira, wakautaja. Chini kulia. Juu kushoto. Picha zikakubali. Hata yule wa kitunguu alipata.

Kimya alikuwa wa mwisho. Picha yake ilitumwa na dada yake mkubwa, ambaye Kimya alikuwa anaishi kwake. Mpira ulikuwa umelala chini kabisa, taulo juu, ulalo rahisi kuliko yote. Mama Mikono alishusha pumzi. Huyu dada ana huruma, aliwaza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Una hofu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, anza. Nawa, pasha mikono joto, omba ruhusa."

Kuomba ruhusa lilikuwa sharti lake la miaka yote. Wengine walikuwa wameuomba mto ruhusa huku wakibana kicheko. Kimya alisugua viganja, akasema, "Naomba nikupapase," akangoja kidogo. Kisha mikono ikashuka juu ya shuka.

Mama Mikono aliusogelea uso wake karibu na kioo. Mikono ilikuwa mizuri. Ilikuwa mipole mno kwa mto, kwa sababu mto hauna neema, usipoukandamiza haukwambii kitu, lakini ilikwenda kwa mpangilio: juu kwanza, kisha ubavu huu, kisha ule, kisha chini. Ilirudi juu. Ikatulia. Kwa upande mmoja shuka likainuka kidogo na kushuka. Mtandao, aliwaza Mama Mikono. Tangu asubuhi picha zilikuwa zinakatikakatika na vitu kurukaruka.

"Kichwa kiko juu, Mwalimu," Kimya alisema. "Matako ndiyo yametangulia."

Mama Mikono aliitazama ile picha tena. Mpira chini, taulo juu. Hata kipofu angeona.

"Rudia. Usiwe na haraka."

Kimya akarudia. "Kiko juu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hiyo ndiyo iliyomuuma. Angekuwa anababaika, angempa nafasi nyingine. Lakini amekosea na ana hakika, na mkunga wa namna hiyo ni hatari kuliko moto. Alimpenda msichana huyu na alikuwa amemwahidi, na ahadi hakuitimiza, na sasa ndiye wa kumfukuzisha.

"Umekosea, mwanangu. Pole sana."

Mikono haikutoka kwenye shuka. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mwingine, karibu kabisa, mle mle chumbani. "Si unaona? Nilikwambia. Haya, nisaidie niinuke, mgongo unaniuma."

Shuka likavutwa. Pale ulipotakiwa kuwa mto palikuwa na tumbo. Tumbo la mtu, limetanda, lina kitovu kilichotokeza na mstari mweusi katikati, na upande mmoja kisigino au kiwiko kilikuwa kinasukuma kutoka ndani kwa makusudi kabisa. Haukuwa mtandao. Mama Mikono aliangusha kalamu.

"Nani huyo? Kimya, nani huyo?"

"Dada."

"Mto uko wapi?"

"Uko sakafuni, Mwalimu," ile sauti ilijibu badala yake. "Usimfokee mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeutoa nikalala."

Mambo yakaelezwa kwa mafungu, huku picha ikiganda na kuganduka. Dada huyu alikuwa na mimba ya kwanza, na imeshakomaa. Mumewe alikuwa amekwama kazini mbali, njia zimefungwa. Jirani yake aliingia hospitali kujifungua, akatoka na maradhi, na tangu siku hiyo dada aliapa kwamba yeye hospitali haendi, ng'o. Atajifungulia kitandani kwake, mikononi mwa mdogo wake, mkunga si ndiye huyu? Mdogo wake akampapasa, akamwambia mtoto amekaa, kichwa kiko juu, si wa kuzaliwa nyumbani. Dada akacheka. Wewe uliyerudia mwaka? Wakabishana mpaka wakanuniana. Mwisho dada akaweka sharti: nitalala mimi badala ya mto, mwalimu wako asijue, kwa sababu akijua atasema tu nenda hospitali, walimu wote ndivyo wasemavyo. Akisema umepata, nitakwenda. Akisema umekosea, usinisumbue tena.

"Na umeshasema," dada alimalizia. "Umesema amekosea. Basi, mimi nimeridhika."

"Nilikuwa nafuata picha," Mama Mikono alisema. "Picha ya mpira."

Kisha dada akauliza polepole, kama mtu anayeulizia kitu kidogo kisichomhusu sana. "Kumbe ulikuwa unaangalia picha? Mimi nilidhani hiyo ni ya kuonesha tu kwamba mto upo, na wewe unaangalia mikono yake."

Mwanamke huyu alikuwa amelichukua kosa la mwalimu na kulifanya hukumu, na hukumu hiyo ingeweza kumzika yeye mwenyewe. Wala Mama Mikono hakujua ukweli ni upi. Huenda Kimya amepata. Huenda amekosea kama siku zote. Kati yake na lile tumbo palikuwa na kioo cha kompyuta.

"Dada, lala tena kidogo," alisema. "Kimya, mikono yote miwili juu. Usikandamize. Shika hicho kilichoko juu, kisukume kwa vidole vya mkono mmoja, kipokee kwa mwingine. Kinacheza peke yake, kama kichwa shingoni, au kinakwenda na mwili wote?"

Viganja vyake vilikuwa vimejikunja hewani, vikingoja. Kule kwenye cherehani mumewe alikuwa ameacha kushona.

"Kinacheza peke yake."

"Kigumu?"

"Kigumu. Mwalimu, ndicho. Najua huniamini."

Ilikuwa kweli, hakumwamini. Alitaka kumwamini na hakuweza, na muda wa kuwaza haukuwepo. Alipiga moyo konde.

"Amepata," alisema. "Dada, mdogo wako amepata. Nenda hospitali leo hii."

"Mwanzo ulisema amekosea. Sasa amepata. Nishike lipi?"

"Shika la mwisho."

"Unalisema kwa sababu umeshajua ni mimi."

"Ndiyo," Mama Mikono alisema. "Sikufichi. Na wewe acha kujificha. Mficha uchi hazai, mwanangu. Waoneshe tumbo wenzangu walioko karibu, mimi nipo mbali, siwezi kukugusa. Nikikudanganya uje unitukane, nami nitayapokea matusi yako."

Picha ikaganda dada akiwa amefumba macho, nusu ya uso wa Kimya ikiwa imeingia kwenye kamera. Kisha simu ikakatika. Alipopiga haikupatikana. Alipiga tena, na tena. Jioni nzima alizunguka sebuleni akijigonga kwenye cherehani, na mumewe akampisha.

Ujumbe wa Kimya uliingia kesho yake mchana. Dada alikubali kwenda kwa shingo upande, kwa kununa, bila kumsemesha njia nzima. Hospitalini walimkuta mtoto amekaa, kichwa kiko juu. Walimfanyia upasuaji asubuhi. Wa kike. Wote wawili wazima. Mama Mikono alisoma, akakaa chini kwenye sakafu ya jiko, akalia kama aliyefiwa. Mumewe alikuja mbio, akanyang'anya simu, akasoma, akakaa chini naye.

Alidhani yameisha. Akampigia Mkuu wa Idara amweleze, kwa furaha, kwamba Kimya amefaulu kuliko wote.

"Alimgusa mtu," Mkuu alisema. "Mtihani umefutwa."

"Alimwokoa mtu."

"Nakubali, na nampongeza kwa dhati. Lakini alama nitaiandikaje? Nitaonekana nimempendelea." Alikuwa mtu mwema, Mkuu, naye alikuwa hajalala vizuri tangu chuo kifungwe. "Nifanye hivi. Nitajifanya sikusikia habari ya dada. Arudie kwa mto, nami niwepo. Akipata, yamekwisha."

Haingekuwa taabu yoyote, Mama Mikono alijiambia. Vidole vilivyomjua mtoto wa kweli vishindwe na mpira?

Vilishindwa. Kimya alipasha mikono joto, akaomba ruhusa, akangoja, akapapasa. Mikono ikaanza vizuri, ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Alitaja chini. Mpira ulikuwa juu. Alipewa mara ya pili, akataja kulia, ukawa kushoto.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Hanijibu. Naomba ruhusa, ninapapasa, hakuna anayenijibu. Sijui nimsikilize nani."

Mkuu alikohoa. "Umeona mwenyewe, Mwalimu. Nasubiri alama zako zote kesho asubuhi." Kiboksi chake kikazimika.

Mama Mikono alikaa akikitazama kioo kilichobaki na uso wake mwenyewe. Hakuelewa tena chochote. Huenda kwa dada yake Kimya alibahatisha. Huenda hakubahatisha. Ni nani kati yao wote aliyejifunza, na alijifunza nini, na kutoka kwa nani? Alinyanyuka, akalichukua lile tumbo alilolishona mumewe, akaliweka mezani.

"Niwekee mtoto," alimwambia.

"Vipi?"

"Unavyotaka. Mimi nageuka."

Mumewe akahangaika na sponji, akafunika shuka. Mama Mikono akanawa mikono, akaisugua mpaka ikapata joto, na bila kukusudia akasema, "Naomba nikupapase." Kisha akatua viganja. Ubavu, ubavu mwingine, chini, juu. Viganja vilivyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule vilizunguka juu ya shuka vikitafuta mtu.

"Chini," alisema. "Kidogo kulia."

Mumewe alifunua shuka. Mpira ulikuwa juu, kushoto.

"Tena," alisema mkewe.

Akaweka tena. Akakosa tena. Mume alianza kuomba radhi, kwamba labda sponji ameijaza mno, labda angepunguza. "Mshono wako hauna kosa," Mama Mikono alimwambia, akacheka kicheko kibaya kilichokaribia kilio, akakaa. Kwa mto huu asingekuwa mkunga. Kwa mto huu wangemfukuza yeye wa kwanza. Na wale waliofaulu, wale waliozamisha vidole kwenye sponji wakaubana mpira kwa hakika, alikuwa ametaka kuwapeleka kesho kwa kina mama wenye uchungu.

Asubuhi alifungua alama. Kwenye jina la Kimya aliandika: amefaulu. Kisha akawashukia wengine wote, na mbele ya kila jina akafuta alichokuwa ameandika, akaandika neno moja: bado. Hakuwa na hakika kwamba alikuwa anatenda haki. Hospitali zingemlalamikia, wazazi wangempigia, na wanafunzi waliokesha wakipapasa mito wangemchukia, na wangekuwa na sababu. Chini kabisa aliongeza kwamba wanafunzi hawa anawataka hospitalini, mmoja mmoja, wamevaa barakoa na glavu, naye awepo awashike mikono, au asitafutwe kutia sahihi.

Akatuma. Hazikupita dakika nyingi, simu ikaanza kuita. Alikuwa Mkuu wa Idara. Mumewe aliitazama simu, akamtazama yeye.

Mama Mikono aliiacha iite kidogo. Alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto, kisha akapokea.